Wimbo Uliokwama Mvunguni

Hakuna kitanda kinachoinuka kumpisha mtu achukue kilichoangukia chini yake. Mtu anaweza kuwa na cheo, kifua na sifa za kutosha kujaza ukumbi, lakini pete yake ikibingirika mvunguni haitatoka kwa kuheshimu ukubwa wake. Atapiga magoti kama mtoto, ataweka shavu sakafuni, na mkono wake utapapasa gizani hadi uipate. Waliotutangulia walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, wakimaanisha kwamba anayetaka jambo la thamani akubali kwanza kujishusha na kutaabika. Maneno hayo yalimfika fundi mmoja wa kompyuta siku ya tamasha, akayaelewa barabara akiwa amelala kifudifudi.

Fundi huyo alikuwa mwanamke kijana, mwembamba kama uzi, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa maneno. Alifanya kazi katika karakana iliyochapa vitabu vya nukta nundu, yale maandishi ya nukta zilizoinuka ambayo wasioona huyasoma kwa ncha za vidole. Wachapaji walimwita Bila Vumbi. Jina hilo alilipata kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akigusa mtambo wowote kwa mkono wake ikiwa angeweza kuuepuka. Aliketi chumba cha juu, kwenye kiti cha kuzunguka, shati jeupe pe, na kompyuta ya chini ikisumbua aliifikia kwa waya kutoka mezani pake.

"Fundi anayekimbilia bisibisi ni fundi aliyechoka kufikiri," alipenda kusema, na kwa kuwa mara nyingi alifaulu, hakuna aliyembishia.

Alikuwa na dada yake mkubwa, wa tumbo moja, aliyepoteza uwezo wa kuona tangu utotoni. Dada huyo aliongoza kwaya ya wasioona, na sauti yake ilikuwa nyororo kama asali inayotiririka. Jioni ya siku hiyo kwaya ingeimba katika ukumbi mkuu wa jiji, na redio ingerusha tamasha moja kwa moja. Wimbo wa mwisho alikuwa ameutunga dada mwenyewe. Ulikuwa na sauti nne zilizopishana kama nyuzi za mkeka, na alikuwa amemaliza kuurekebisha wiki hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna mwimbaji aliyeukariri. Kila mmoja angeusoma kwa vidole huku akiimba. Karatasi hizo zilipaswa kuchapwa asubuhi.

Karakana ilikuwa na mtambo mmoja tu wa kuchapa nukta nundu. Ulikuwa chuma kitupu, mpana kama kitanda cha watu wawili, umefungwa kwa boliti kwenye sakafu, ubavu mmoja ukiwa umebanana na ukuta. Kompyuta iliyouendesha ilikuwa imejengewa ndani ya tumbo lake, chini kabisa. Jana yake diski ya kompyuta hiyo ilikuwa imekufa. Bila Vumbi alishuka, akaichomoa kwa mbele, akachomeka mpya yenye mfumo endeshi wa kisasa kabisa, ile programu kuu inayoiongoza kompyuta, akapangusa vidole kwa kitambaa na kupanda ngazi kurudi kwake. Aliona kazi imekwisha.

Asubuhi wachapaji walipoubonyeza mtambo, ulinyamaza jii kama maji ya mtungini.

Bila Vumbi hakushtuka. Aliingia kwenye kompyuta ile kwa waya, akautafuta mtambo, akaambiwa haupo. Akatafuta kadi, kile kibao chembamba cha umeme kinachouunganisha na kompyuta, nayo akaambiwa haipo. Akafungua orodha ya viendeshi, yaani zile programu zinazojua kuzungumza na kila aina ya kadi, akaandika jina la kiendeshi alichokihitaji. Halikutokea. Akaandika tena kwa herufi kubwa, kana kwamba kompyuta haisikii vizuri. Wapi. Mwishowe akainuka, akamwendea meneja.

"Kadi imekufa, Bwana Meneja. Hata haionekani."

Meneja wa karakana alikuwa mtu wa wasiwasi, mwenye tabia ya kuvuta sikio lake akiwaza. Alilivuta sasa. "Yaani wimbo wa dada yako hauimbwi?"

"Labda waimbe mwingine."

Meneja alishusha pumzi, akachukua simu kuwaarifu watu wa ukumbi waufute wimbo kwenye ratiba. Kabla hajapata mtu, mlango ulifunguliwa na dada akaingia, fimbo yake nyeupe ikigonga sakafu taratibu. Alikuwa tayari amevaa gauni refu la tamasha, rangi ya buluu, maana alitarajia kuchukua karatasi na kwenda moja kwa moja mazoezini. Alisikia habari yote akiwa amesimama.

"Mdogo wangu," alisema, "hiyo kadi umeiangalia?"

"Nimeiangalia, Dada. Haipo kwenye skrini."

"Sikuulizi skrini. Nakuuliza kadi."

Bila Vumbi uso ulimwaka. Alitamani kueleza kwamba mambo ya kompyuta hayafanywi hivyo, lakini alipomwona dada yake amekishika kishikio cha fimbo kwa mikono miwili, kama mtu anayejizuia asiombe, aliacha. Dada huyo ndiye aliyemfundisha kuhesabu. Hakuwahi kumwomba kitu.

"Bwana Meneja, usipige simu kwanza," alisema. "Nipe hadi adhuhuri."

Akashuka. Safari hii alivuta kibao, akaketi mbele ya mtambo wenyewe, skrini ndogo ikiwa magotini, akafanya jambo ambalo siku zote alilidharau: akafungua mipangilio ya kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu ya ndani kabisa inayoamua kompyuta itambue nini na ipuuze nini, akaanza kuisoma swichi moja baada ya nyingine. Zilikuwa nyingi kama mchanga, kila tawi lilizaa tawi. Wengi hukubali tu yaliyowekwa na watengenezaji. Bila Vumbi alijilazimisha kuuliza kila swichi inafanya nini na inategemea nini.

Jasho lilianza kumtoka alipofika sehemu ya njia za kadi. Mara akainama mbele.

"Wameizima," alisema polepole. "Wamelizima basi."

Meneja, aliyekuwa akizungukazunguka nyuma yake, alisogea. "Basi limefanyaje? Limechelewa?"

"Si basi la abiria, Bwana Meneja. Kadi huchomekwa kwenye njia inayopeleka habari zake kwenye kompyuta. Njia hiyo mafundi tunaiita basi. Hii kadi yetu ni ya basi la zamani. Watengenezaji wa mfumo mpya walidhani hakuna anayelitumia tena, wakalizima, wakaificha na swichi yake. Na kwa kuwa basi limezimwa, viendeshi vyote vinavyolitegemea navyo havionekani. Ndiyo maana jina halikutokea. Nilikuwa namtafuta mtoto katika nyumba ambayo mlango wake umefungwa."

"Kwa hiyo kadi haijafa?" aliuliza dada.

"Sijui bado. Lakini sina tena sababu ya kuizika."

Aliifungua sehemu iliyoandikwa kuwa ni ya wataalamu tu, akaikuta swichi, akaiwasha. Papo hapo tawi zima likachipuka mbele ya macho yake, na katikati yake lile jina alilolitafuta tangu asubuhi. Akaliwekea alama, akaamuru kiini kiundwe upya. Feni ikanguruma, mistari ikaanza kupanda kwenye skrini kama siafu, na wachapaji wakaacha kazi zao wakaja kusimama nyuma yake. Hakuna aliyeelewa mistari ile, ila wote walielewa kwamba jambo fulani linatokea.

Kiini kipya kilipokamilika, kompyuta ikawashwa upya. Basi likaonekana. Kiendeshi kikaamka, kikauliza swali moja: kadi iko kwenye anwani gani, yaani namba gani ya mlango?

Hapo furaha ikaingia kasoro. Kadi za kisasa hujitambulisha zenyewe, lakini za zamani ni kama mgeni mwenye haya: hukaa kimya mpaka zigongewe mlango wao. Bila Vumbi alijaribu anwani iliyozoeleka. Kimya. Akajaribu nyingine, kompyuta ikaganda, ikabidi izimwe.

"Nikiendelea kubahatisha nitaharibu kila kitu," alisema. "Anwani imewekwa kwenye kadi yenyewe. Kuna sindano ndogo za shaba, nyingine zimevishwa vifuniko, nyingine ziko wazi. Ukijua zipi zimevishwa, unaijua anwani."

"Na kadi iko wapi?" aliuliza dada.

Bila Vumbi alitazama chini. Kadi ilikuwa kwenye mvungu wa mtambo, upande wa ukutani, ambako grisi na vumbi vya miaka vilikuwa vimeungana vikawa kitu kimoja. Alilitazama shati lake. Kisha akalala kifudifudi, akajipenyeza chini ya chuma. Kichwa kiligoma kuingia kwenye pembe ile. Taa haikufika, kamera ya simu haikufika, na mkono wake ulipofika ulikuta msitu wa waya na vijiti visivyotofautiana. Alipapasa, akahesabu, akapotea, akaanza upya. Sauti yake ilitoka chini ikiwa imekabwa.

"Nazigusa, Dada, lakini siwezi kuzisoma. Vidole vyangu havioni."

Kikasikika kishindo cha fimbo ikilazwa sakafuni.

"Nisogezee nafasi," alisema dada.

"Dada, gauni lako."

"Gauni litafuliwa. Sogea."

Mwanamke yule, ambaye kwaya nzima ilimwogopa na kumheshimu, alipiga magoti, akalala kwa ubavu katika grisi, akaingiza mkono ubavuni mwa mkono wa mdogo wake. Bila Vumbi alimwongoza kifundo cha mkono mpaka mahali penyewe, akamwachia. Meneja alishika sikio.

"Ni safu mbili za wima," dada alisema baada ya muda. "Kila safu ina nafasi tatu. Kushoto, ya juu iko wazi, ya kati imefunikwa, ya chini iko wazi. Kulia, ya juu imefunikwa, nyingine ziko wazi." Akacheka kwa sauti ya chini iliyotikisa bega lililokuwa limegusana na la mdogo wake. "Lakini hii ni nukta nundu, mdogo wangu. Hii ni herufi i."

Bila Vumbi naye akacheka, usoni grisi, machoni machozi, akaanza kukokotoa palepale chini: hii iliyofunikwa ina thamani hii, ile ina thamani ile, jumlisha. Akatoka kinyumenyume, akaiandika anwani, akagonga kitufe.

Mtambo ulikohoa. Halafu nyundo zake zikaamka zote kwa pamoja, tatata-tatata, sakafu ikatikisika, na karatasi ya kwanza ikachomoza taratibu kama ulimi. Wachapaji walikumbatiana. Meneja aliliachia sikio lake, akaketi juu ya boksi la karatasi. Dada alikuwa bado ameketi sakafuni. Walimpa karatasi, akaipapasa mstari wa kwanza, kisha wa pili, midomo ikicheza. Na hapo hapo, bila kuinuka, akaanza kuimba, sauti yake ikipanda juu ya kelele za nyundo mpaka mafundi wa chumba cha pili wakaja mlangoni kusikiliza.

Jioni ile ukumbi ulijaa pomoni. Kwaya iliposimama kuimba wimbo wa mwisho, vidole vyote vilitembea juu ya karatasi kwa mwendo mmoja, na sauti nne zikapishana na kukutana pasipo hata moja kujikwaa. Watu walisimama kabla ya noti ya mwisho kunyamaza. Dada aliinamisha kichwa kuwashukuru akiwa amevaa gauni la kuazima, lililombana kidogo mabegani. Katika safu ya nyuma Bila Vumbi alipiga makofi hadi viganja vikamuuma, na kila makofi yalipofifia akayaanzisha tena. Wimbo ule haukupatikana kwa kuketi juu na kuamuru, bali kwa kushuka swichi baada ya swichi, na hatimaye kwa kulala sakafuni bega kwa bega. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.