Wimbo wa Kuinulia Mvule wa Namkunda

Sogeeni, wajukuu! Wewe mwenye muwa, tafuna polepole, nisishindane na meno yako. Enzi hizo, mawe yakiwa mabichi na kobe angali na mbio, mvule mkubwa ulianguka huko milimani Upare. Ukaanguka wapi? Mlangoni kwa Namkunda! Nyumba yake ilikuwa pango la mwamba, mlango mmoja tu, naye alikuwa ndani na mwanawe mchanga. Mti ukaziba mlango, ukaziba na mfereji wa maji uliopita hapo nje. Maji yakaanza kuingia pangoni.

Wakaja watu wa Kilimani na babake, Sengondo. Wakaja watu wa Bondeni na baba mkwe wake, Kiangi. Wote wameshika nyenzo, miti mirefu migumu. Ncha chini ya gogo, jiwe chini ya wenzo, halafu? Kandamiza! Gogo likiinuka, unapenyeza vijiti vinene vya duara, unaliviringisha. Rahisi, sivyo? Ngojeni.

Kila ukoo ulikuwa na wimbo wake wa kuinulia, na kuitikia wimbo wa ukoo mwingine ilikuwa aibu ya kuhama kijiji.

Sengondo akaimba, Kilimani wakakandamiza. Gogo likainuka upande huu, puu! likarudi. Kiangi akaimba, Bondeni wakakandamiza. Likainuka upande ule, puu! likarudi.

"Itikieni wetu, watani!" akafoka Kiangi. "Huo wenu ni wa mbuzi mwenye mafua!"

"Tuitikie? Bora ninyonyeshe!" akajibu Sengondo.

Sauti ikatoka ndani: "Baba! Baba mkwe! Maji yako magotini. Mnaniokoa au mnacheza ngoma?"

"Tunatafuta wimbo, mwanangu," akajibu Sengondo.

"Nitaimba mimi! Kilimani nimezaliwa, Bondeni nimeolewa. Anayeona aibu kuniitikia, aje humu tubadilishane!"

Hakujitokeza mtu. Namkunda akaimba alichokuwa akimwimbia mtoto: "Nyamaza, kipenzi changu…"

"Nyamaza!" wakaitikia wenye ndevu zao, wakakandamiza pamoja.

"Mama yuko…"

"Yuko!" Gogo juu! Vijiti chini! Likaviringika, likashuka bondeni, na maji yakalifuata.

Namkunda akatoka ameloa, mtoto mgongoni kalala fofofo. Wanaume wakaacha kuimba. Mtoto akazinduka, akaangua kilio! Basi koo mbili nzima zikasimama matopeni, zikabembeleza upya.

Wajukuu, wenzo hauulizi wimbo ni wa nani. Huuliza kama mmekandamiza pamoja.

Kisa nimekitua hapa. Mwenye mgongo mzima akibebe, wangu umechoka.