Bibi Salamu wa Dirisha la Tatu

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi wetu huitamka methali hii mgeni akiingia na mfuko mkononi, na macho yetu yote yako kwenye mfuko. Mgeni wa hadithi hii alikuja mikono mitupu, na kile alichokuja nacho nusura kimfukuzishe kazi.

Alikuwa karani wa benki katika nchi ya watu, dirisha la tatu, karibu na mlango. Kwao alimwacha bintiye mdogo kwa bibi yake, na bila mkataba wa benki asingekuwa na kibali cha kukaa pale. Kazi aliijua. Tatizo lilikuwa salamu. Mteja hakuweza kufika mbele yake akatoa tu kitambulisho. Kwanza aulizwe ameamkaje, nyumbani hawajambo, na lile goti limepoa? Wengine walitabasamu, wengine walitazama saa. Foleni yake ikawa ndefu kuliko zote, na wenzake wakamwita Bibi Salamu.

Meneja wake alikuwa mzee wa maneno machache. Kila asubuhi Bibi Salamu alisimama mlangoni pake akamwuliza habari za nyumbani, naye, bila kuinua macho, akajibu, "Salama. Kafanye kazi." Siku moja alimwita ndani.

"Dada, hapa watu hawaji kusalimiwa. Foleni yako isipopungua, mwisho wa mwezi mkataba wako siuongezi."

"Nimekuelewa, bosi."

Kilichomuuma ni kwamba hata mama yake, kwenye simu, alimwambia, "Mwanangu, ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho."

Basi akalivunja. Wateja wakawa wanapata "karibu" na "asante", basi. Foleni ikapungua, na moyo ukawa mzito. Salamu moja tu ilimshinda kuiacha, ile ya meneja. Kumpita mtu mzima ameketi kama vile unapita kabati, hilo hakuliweza.

Asubuhi ya mwisho wa mwezi, wenzake walikwisha kumpita meneja kimya, kama ilivyo desturi yao. Yeye akasimama.

"Nyumbani hawajambo?"

Meneja alijibu, lakini ile "salama" ilitoka nzito, kama ya mtu mwenye uji mdomoni. Bibi Salamu akamtazama vizuri. Mdomo ulikuwa umeshuka upande mmoja.

"Bosi, hebu inua mikono yote miwili."

"Rudi dirishani."

Hakutoka, na mwisho meneja akajaribu: mkono wa kulia ulipanda. Wa kushoto ulibaki mezani.

Nje wateja walikwisha kujipanga, na dirisha tupu siku ile lilikuwa tiketi yake ya kurudishwa kwao. Bibi Salamu aliita gari la wagonjwa, akakaa naye, ameushika ule mkono uliolala, akimsimulia habari za bintiye na mama yake. Hospitalini daktari alisema wazi kwamba ni kiharusi, na kama meneja angeachwa mle ofisini mpaka mchana, wangekuwa wanapanga mazishi.

Naibu wa meneja alimwongezea Bibi Salamu mkataba wa muda mfupi tu, bosi arudi aamue mwenyewe. Baada ya miezi kadhaa meneja alirudi, anatembelea mkongojo. Hakwenda ofisini kwake. Alipanga foleni ya dirisha la tatu kama mteja yeyote, na zamu yake ilipofika akaweka juu ya kaunta mkataba uliotiwa saini. Kisha hakuondoka.

"Nyumbani hawajambo?" aliuliza, ulimi bado unakokota. "Mtoto je? Na mama?"

Machozi yalimlenga Bibi Salamu. Alimjibu moja baada ya jingine, bila haraka, na foleni nzima ikasubiri. Kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone.