Meja Hupita Saa Kumi na Moja

Asiyekujua hakuthamini. Methali hii hupendwa sana na watu wanaonung'unika kwamba ulimwengu umewadharau. Wachache hujiuliza swali la pili: je, wewe mwenyewe umejitokeza ujulikane? Mzee Munyoki wa mtaa wa Jericho hakujiuliza, na kwa kutojiuliza alikaribia kumpoteza mbwa wake.

Mwaka wa 1979 Munyoki alikuwa dereva mstaafu aliyefiwa na mkewe, Kavata, miaka mitatu nyuma. Mbwa mwenyewe aliitwa Meja. Kavata ndiye aliyemleta kutoka Machakos ndani ya kikapu cha ndizi, na ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa alikuwa mtoto wa mbwa asiyekubali kuamrishwa na mtu. Kavata alipofariki, Meja ndiye pekee aliyebaki wa kumlaki mzee mlangoni. Munyoki alimpenda kama mboni ya jicho lake, lakini kila kukicha alimfunga kwa mnyororo kwenye mlingoti wa kuanikia nguo.

Kumtembeza? Thubutu! Ujanani Munyoki alikuwa boi wa mzungu mmoja kule Karen, na kila jioni kazi yake ilikuwa kuburutwa na mbwa wawili wanene huku wapita njia wakimcheka. Nchi ilipopata uhuru aliapa kwamba mkono wake hautashika kamba ya mbwa tena. Kwao Ukambani mbwa alijitembeza mwenyewe, alisema, na wa mjini alikuwa na kazi ya kulinda. Basi Meja akalinda. Alimbwekea muuza maziwa, akawabwekea watoto wa shule, akakibwekea hata kivuli chake. Mbwa aliyefungwa mahali pamoja miaka mitatu hamjui mtu. Kila apitaye kwake ni mwizi.

Jumapili moja mnyororo ulikatika. Meja akamrukia Perez, jirani wa nyumba ya tatu, aliyekuwa akitoka kanisani, akairarua sare yake nyeupe ya akina mama. Hakumuuma, ila mayowe yalifika Makadara. Kesho yake Perez aliandika barua, majirani kumi na wanne wakatia sahihi, na Alhamisi bwana afya aitwaye Makokha akaja na daftari lake. Alimweleza mzee kwa upole kwamba angerudi baada ya mwezi mmoja. Akiwakuta majirani bado wanalalamika, mbwa angechukuliwa. Mtaani kila mtu alijua kwamba mbwa akichukuliwa harudi.

Munyoki alikwenda kwa Perez kuomba radhi. Badala ya radhi alijikuta akimuuliza kwa nini anamchukia mbwa wa marehemu mkewe. Perez alikuwa muuguzi, na hakuzoea kumung'unya maneno.

"Simchukii, Mzee. Simjui," alisema. "Na wewe pia sikujui. Tangu tumzike mama Kavata hujakanyaga mlangoni pa mtu. Mmefungwa nyote wawili."

Maneno hayo yalimchoma. Alirudi kwake, akakaa mpaka chai ikapoa mbele yake. Ilikuwa ama kiapo, ama Meja. Siku ya pili, saa kumi na moja jioni, alimvisha Meja kamba ya katani, akakimeza kiapo chake, akatoka.

Ee, siku hiyo ilikuwa aibu tupu! Meja alivuta kama anayekimbilia urithi. Mzee aliburutwa hadi Barabara ya Jogoo, kofia ikaanguka, pumzi zikamwisha. Vijana waliozoea kukaa ukutani walimuuliza, "Niaje, mzee? Nani anatembeza nani?" Aliiokota kofia, akaendelea. Kesho yake alitoka tena saa kumi na moja, na kesho kutwa pia, mvua au jua, hadi mahakama ya Makadara na kurudi.

Bandu bandu huisha gogo. Kufikia wiki ya pili Meja alikuwa ameziona baiskeli, mikokoteni na watoto wa kila aina, akagundua kwamba hawana haja naye. Akirudi alikunywa maji na kulala fofofo, na muuza maziwa akapita salama. Magoti ya mzee, yaliyokuwa yakilia kama mlango mkuukuu, yalilainika. Tena mtu mwenye mbwa haachi kuulizwa maswali: anaitwa nani, ana umri gani, anakula nini? Munyoki akawa na jawabu, kisha na mazungumzo, kisha na marafiki. Vijana wa ukutani wakaanza kumwita Meja kwa jina. Perez akizisikia salamu zao dirishani, alijua ni wakati wa kusonga ugali. Jioni moja alitoka nje akamnyooshea Meja mkono. Meja akaunusa, akatikisa mkia.

Zilipobaki siku mbili Makokha arudi, saa kumi na moja ilipita kimya. Maji ya ugali ya Perez yalichemka, yakakauka nusu. Vijana nao walishuka ukutani wakiulizana mzee yuko wapi. Wakaenda pamoja kubisha, na mlango uliposukumwa Meja alikuwa amesimama kizingitini. Perez akakumbuka sare yake, akasita. Kisha akamwita kwa jina. Meja alimpisha, akamtangulia hadi chumbani, ambako Munyoki alikuwa amelala akiwaka homa, hawezi kusema. Vijana walimbeba hadi hospitali. Nimonia, daktari alisema, na angechelewa siku moja zaidi wangekuwa wanatafuta jeneza.

Alhamisi Makokha alirudi, akaukuta mlango umefungwa na mlingoti una nguo tu. Alipogeuka alimwona mwanamke akija na mbwa aliyetembea taratibu kando yake. Akauliza yule mbwa mkali yuko wapi.

"Ni huyu," Perez alisema.

Makokha alitoa barua daftarini, akataka kujua ni nani aliyeiandika.

"Mimi. Niliiandika kabla sijawajua."

Makokha aliikunja barua, akampa. Perez akamwomba amwie radhi, kwani saa kumi na moja ilikuwa imeshapita na hospitalini kulikuwa na mtu aliyeomba kitanda chake kisogezwe karibu na dirisha ili amwone Meja akipita. Meja alikuwa tayari ameshika njia. Hakika, asiyekujua hakuthamini.