Nyumba Iliyoshiba Pumba

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nini?
— Pakawa baridi, meno yakagongana!

Haya, sogeeni. Hapo kale, juu mlimani, aliishi Pimbi, mjane mwenye watoto watatu wachanga. Jirani yake alikuwa Nyani, mwenye nyumba ya bati: juu bati, ubavuni bati. Jua likiwaka, kikaango. Kipupwe kikija, barafu. Lakini inang'aa! Na Nyani alipenda kung'aa.

Kipupwe cha mwaka uliopita kilimchukulia Pimbi mtoto wa nne. Mwaka huu hakukaa kukingoja. Akasuka kuta mbili za mianzi, akaacha nafasi katikati. Akashuka bondeni wanakokoboa mpunga, akazoa pumba zilizotupwa. Akazichanganya na majivu, mchwa wasisogee, akashindilia katikati ya kuta. Darini akatandaza nyasi kavu, nene kama godoro. Nje akakandika udongo.

Nyani akapita, akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mama Pimbi! Nyumba unailisha pumba?"

"Naivisha, jirani. Ya kwako iko uchi."

Kipupwe kikaja. Siku ya kwanza, mke wa Nyani akahamia kwa Pimbi. Siku ya pili, wanawe wakamfuata mama yao. Siku ya tatu Nyani mwenyewe, mkia umekakamaa, akabisha.

"Hodi!"

"Nani?"

"Nyani, mwenye nyumba ing'aayo."

"Kaote huo mng'ao."

"Hodi!"

"Nani?"

"Nyani, jirani yako."

"Jirani yangu ana bati."

"Hodi, mama! Ni Nyani, natetemeka!"

"Ahaa, huyo namjua. Lete magunia matatu ya pumba, uingie."

Akaleta. Pimbi akamwonyesha kuta za chumba cha uani, bado tupu katikati. "Shindilia!" Akashindilia. "Bado! Shindilia!" Jasho likamtiririka Nyani, akidhani anatengeneza pa kulala.

"Baridi unaisikia?" Pimbi akauliza.

"Wala!"

"Vizuri. Umejua kujenga, nami chumba hiki sasa ni jiko langu jipya. Sasa kavishe nyumba yako. Pumba zinatupwa, nyasi haziuzwi."

Mkewe akachungulia dirishani. "Ukimaliza, utuite. Usituite kabla!"

Nyani akaenda, akasuka mianzi ndani ya bati, akashindilia siku tisa, ndipo akawaita. Na kipupwe kilipoondoka, watoto wa Pimbi walitoka kuota jua: mmoja, wawili, watatu. Pimbi akawahesabu tena na tena.

Basi wenzangu, usidharau kinachotupwa. Huenda ndicho kitakachokufunika. Hadithi yangu imefika mlangoni, nami naingia ndani. Anayesema nimeongea pumba, asinifuate: na alale kwenye bati!