Mwalimu Aliyesema Hajui

Hapo zamani, si zamani ya mazimwi bali zamani ambayo baba zenu wanaikumbuka na hawapendi kuulizwa, nchi moja ya milimani ilipigana vita na jirani yake. Shule moja huko ilikuwa na mwalimu wa uraia, Ambilikile, mtu wa maneno matamu na shati lililopigwa pasi. Alifundisha uhuru wa kusema, mipaka yake wakati wa vita, na kazi ya mahakama.

"Haya hayaeleweki kwa kukariri," aliwaambia wanafunzi. "Tufanye mdahalo."

Mdahalo wao ulikuwa wa kura. Kila mtu alichota kikaratasi kofiani, akatetea upande uliomwangukia, autake asiutake. Sekela, binti wa muuza ndizi, akaangukiwa na upande wa kupinga vita. Akasimama, akasema kwa woga. Mwalimu akagonga meza.

"Mbona unamung'unya maneno? Sema kama mtu anayeamini! Humu darasani nani atakukamata?"

Basi Sekela akasema. "Vijana wetu wanakufa kwa ajili ya kilima ambacho hata mbuzi hawakitaki!" Darasa likashangilia, na mwalimu akashangilia kuliko wote.

Lakini Gwantwa, rafiki yake Sekela, hakupiga makofi. Kaka yake alikuwa amezikwa kwenye kilima hicho hicho. Akaenda kwa mkuu wa wilaya, akayarudia maneno yale, ila habari ya kura hakuitaja. Sheria ya vita ilikuwa kali: mwenye kuvunja moyo wa askari afungwe. Sekela akakamatwa.

Hakimu wa kesi alikuwa amesoma shule ile ile, na kura zile alizichota mara nyingi. Akamtazama mwalimu. "Maneno haya ni ya binti huyu, au alipewa na somo?"

Ambilikile akafungua mdomo. Akamwona ofisa wa usalama mlangoni, akawakumbuka wanawe.

"Sijui, mheshimiwa," akasema.

Sekela akageuka kumtazama. Hakulia. Mwalimu aliona haya mpaka masikio yakamwaka, akatamani ardhi ipasuke immeze. Tunasema maji yakimwagika hayazoleki, lakini yake yalikuwa bado yamo mtungini: angeweza kunyoosha mkono, aseme upya. Hakunyoosha. Hakimu akamfunga Sekela mpaka vita viishe.

Vita havikuwa na haraka. Sekela alipotoka, shule ilimkataa, wakasema umri umempita. Mama yake akawaita Gwantwa, hakimu na mwalimu nyumbani kwake.

"Mmoja wenu," akasema, "atasimama mbele ya wazazi wote shuleni, aseme: mimi ndiye niliyemharibia Sekela maisha. Nani?"

Gwantwa akasema, "Mama, ni kweli niliyapeleka maneno. Lakini nilikuwa kwenye matanga ya kaka yangu, na sikuongeza hata neno moja la uongo. Kumfunga sikumfunga."

Hakimu akasema, "Mama, mimi nilimfunga. Lakini hakimu huhukumu kwa ushahidi uliotolewa, si kwa anayoyajua moyoni. Nilimfungulia mwalimu mlango, akakataa kupita."

Wote wakamgeukia Ambilikile.

"Mama," akasema, macho chini, "ningesema kweli, tungefungwa wawili, na wanangu wangelala njaa. Hivyo ndivyo ninavyojitetea. Na bado huzunguka njia ya mbali nisipite mbele ya mlango wako."

Mama akamwita binti yake aliyekuwa jikoni akimenya ndizi. "Umewasikia, mwanangu. Chagua wewe."

"Mama," Sekela akajibu bila kuinua kichwa, "mimi nilisema mara moja, nikafungwa. Safari hii waseme wengine."

Haya, wengine ni ninyi mlioketi hapa. Msitazamane. Aliyepeleka maneno, aliyesema hajui, na aliyehukumu akijua: je, nani alistahili kusimama mbele ya watu na kuibeba aibu ile?