Nguzo ya Kwanza

"Nguzo ya kwanza haihesabiwi, lakini ndiyo inayoshika waya." Mmeisikia jana harusini kwa mwenyekiti, mkacheka, na leo mnaniuliza nguzo gani na waya gani. Haya, Elieza, sogeza ungo huo wa maharage, mikono ichambue huku masikio yakisikiliza. Methali hii ilianza hivi, na ilianza mbele ya macho yangu.

Nilikuwa darasa la sita, huku huku Upareni. Shule yetu ilikuwa na bustani ya maharage, na chakula chetu cha mchana kilitoka humo. Pande tatu zilikuwa na ua wa minyaa, ila upande wa barabarani ulikuwa wazi, na mbuzi walikuwa wameshaingia mara mbili. Wadogo waliotoka mbali milimani, ambao hata chai hawakunywa asubuhi, walianza kuacha shule. Mwalimu mkuu alisema maharage yakiliwa tena, jiko linafungwa.

Mwalimu wetu wa hesabu aliitwa Namsifu. Hesabu za mafumbo alizifundisha polepole, kama mtu anayeteremka mlima wenye utelezi. Kwanza tumepewa nini, kisha tunatafuta nini, chora, kokotoa, halafu rudi uhakikishe. Jamani, vidole vyake vyenye chaki naviona mpaka leo. Basi siku hiyo akaandika ubaoni: "Upande wa barabarani una urefu wa mita ishirini na nne. Nguzo zitasimama kila baada ya mita tatu. Zinahitajika nguzo ngapi?"

"Nane!" Mbonea akadakia kabla chaki haijashuka. Huyo ndiye aliyekuwa kinara wetu, na mdomo wake aliujua kila mtu.

"Umechora?"

"Aa, Mwalimu! Kuchora ni kwa darasa la pili."

Mwalimu akatuangalia sisi wengine. Hakuna aliyekuwa amechora, na sote tulikuwa tunaitikia nane. "Sawa," akasema, "basi tutachora kwa majembe."

Bwana misitu akatupa miti minane, kama jibu lilivyosema. Tukaanzia kwenye kona ya minyaa, tukapima mita tatu, tukachimba. Tukapima tena, tukachimba, tukiimba. Nguzo ya nane ikaangukia mwisho kabisa, sawasawa. Mbonea akajipiga kifua. Tulipofunga waya ndipo tukaona. Pale konani tulipoanzia hapakuwa na kitu, na waya ulining'inia bila pa kufungwa. Mbuzi wa mzee Kiondo walikuwa barabarani wanatutazama kwa adabu kabisa.

"Mbonea," Mwalimu akaita, "njoo usimame hapa konani. Shika waya, uvute."

Akashika. Uzio ukakazana, ukawa uzio.

"Sasa hesabu nguzo."

"Nane, Mwalimu."

"Na wewe je?"

Mbonea akazihesabu tena kwa macho. Akajitazama, akautazama waya mkononi. "Na mimi wa tisa," akasema kwa sauti ndogo.

"Ulipogawanya ulipata nafasi, mwanangu. Kila nafasi ina nguzo mbele yake, lakini nafasi ya kwanza lazima iwe na nguzo nyuma yake pia. Ungechora ungeiona."

"Lakini Mwalimu, miti imekwisha! Nitasimama hapa mpaka lini?"

Tulicheka mpaka machozi. Mwalimu Namsifu hakucheka. Alikwenda nyumbani kwake, akang'oa nguzo ya kamba ya kuanikia nguo, akarudi nayo begani. Tangu siku ile alianika kanga zake juu ya vichaka. Maharage yale tuliyala, na wadogo wa milimani wakarudi.

Miaka ikapita. Mbonea akahitimu uhandisi, wazazi wake wakafanya sherehe. Akasimama kushukuru. Akataja wahadhiri, mjomba aliyelipa ada, mchungaji, mwajiri wake mpya. Watu wakapiga makofi, akaketi. Kisha nikamwona ameganda, anatazama nyuma kabisa, karibu na masufuria, alikoketi bibi mmoja mwembamba ambaye hakuna aliyemkaribisha mbele.

Akasimama tena. "Nimehesabu vibaya," akasema. Akapita katikati ya wageni, akapiga magoti mbele ya Mwalimu Namsifu, akaishika mikono yake. "Nguzo ya kwanza haihesabiwi, lakini ndiyo inayoshika waya."

Mwalimu akamfuta machozi kwa upindo wa kanga. "Afadhali leo umerudi kuhakikisha," akamwambia.