Kopo Lililobaki Kikapuni

Wapendwa, hebu nisikilizeni. Palikuwa na mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa anakonda. Macho yamekuwa ya manjano, tumbo limejaa, uji anautazama tu. Mama akasikia redioni habari za sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu kwenye mahindi na karanga, ambayo hata ukiipika haiishi. Moyo ukamlipuka. Nani anamuua mwanangu? Akamfikiria yule muuza unga wa lishe wa sokoni, na tangu siku hiyo akaacha kumsalimu.

Sasa, mjini walikuwa wameleta kipimo. Chakula kinasagwa, kinachanganywa na maji yao maalumu, kinawekwa chini ya taa. Kama kuna sumukuvu, yale maji yanang'aa kijani. Mama akatia unga wa yule muuzaji kikapuni, akaenda.

Dada mpimaji akaweka unga chini ya taa. Haukung'aa.

"Unga wako mzima, mama."

"Pima tena, dada. Yule muuzaji namjua."

Akapima tena. Haukung'aa. "Mtoto anatumia nini kingine?"

"Hakuna. Dawa yake tu, mizizi niliyochimba mwenyewe. Naianika kivulini, jua lisiue nguvu, halafu naisaga na kuifungia kwenye kopo ikiwa bado na majimaji. Ikiota manyoya meupe, najua imeshika makali."

Dada akamwangalia. "Hilo kopo unalo?"

Alikuwa nalo kikapuni. Alikuwa anampelekea mdogo wake hapo mjini, naye ana mtoto.

Wakaweka kidogo chini ya taa. Ikang'aa, wapendwa. Ikang'aa mpaka uso wa mama ukawa kijani.

"Usimpe tena. Mkimbize hospitali leo hii."

Mama akasema kwa sauti ndogo, "Asubuhi nimemzidishia dawa, kwa kuwa namwacha kutwa." Akatoka mbio, kikapu akakisahau.

Mtaniuliza, mtoto alipona? Sijui. Mfano wangu unamwacha mama barabarani, anakimbia.

Na sisi? Sisi tunajua vizuri nani anatuharibia watoto. Ni marafiki zao, ni simu, ni yule shangazi. Hao tunawaleta mbele za Mungu kila Jumapili, na tukijibiwa hawana kosa tunaomba wapimwe tena. Lakini yale maneno tunayowapa wenyewe kila asubuhi, tukiyaita malezi? Yule binti uliyemwambia hana akili, eti ili ajitahidi? Tumeona kabisa yanaota ukungu, tukasema hayo ndiyo makali yake.

Mimi naogopa, wapendwa, nawaambia kweli. Leo usimwombee jirani. Lete kopo lako. Na kama asubuhi hii, kabla ya kuja hapa, ulimzidishia mtoto, usingoje baraka ya mwisho. Inuka, uende nyumbani.